Filimbi Niliyopuliza Kabla Chifu Hajakuna Sikio

Nyinyi vijana mliobaki pale gombolola, ofisi ya tarafa, mmeniomba niwaandikie kidogo juu ya kazi, kwa sababu yule mpya, nasikia, hajui hata kamba inafungwa wapi. Haya, naandika. Shule niliachia darasa la nne, basi msitafute mkato na nukta, tafuteni maneno. Juu ya vyeo sina la kusema: nilianza tarishi, nimemaliza tarishi. Mshahara mnaujua, hata panya wa stoo wanaujua. Lakini wale walioharibu kazi yetu nitawataja kwa majina, maana wao walipokuwa wanakula hawakujificha.

Nilianzia Arua, ofisi ya wilaya, mwanzoni mwa mwaka wa sabini na tisa. Mkubwa wa matarishi alikuwa Mzee Drani, askari wa zamani, mguu mmoja mfupi kuliko mwingine, na alitembea haraka kutuzidi sote. Asubuhi ya kwanza alinipa bahasha imefungwa gundi, akasema nipeleke kwa muluka chifu, mkubwa wa vijiji vichache, kule Dadamu, kwa miguu, nirudi kabla ya saa kumi. Nikaenda. Muluka chifu akafungua, akatoa karatasi nyeupe, haina hata herufi moja. Akacheka mpaka akashika tumbo. Niliporudi, Mzee Drani aliniuliza:

"Ulifungua barua?"

"Hapana, mzee."

"Basi wewe iko tarishi, ama iko mjinga. Nitajua kesho."

Kesho yake akanionyesha vyombo vya kazi. Ngoma ya kuitia watu. Kamba ya katani, ndefu, imefungwa fundo kila hatua moja. Fimbo ya kuhesabia, ya mwanzi, laini, ili usimwumize mtu unapomgusa bega. Na filimbi ya chuma yenye punje ndani. Wakati ule sukari na sabuni zilikuwa hazionekani madukani, zikija zinagawiwa kwa mstari, na mstari ndio ulikuwa kazi yetu. Mzee Drani alinifundisha hivi: kamba inalazwa chini, inavutwa mpaka inyooke, na mtu ambaye mguu wake haugusi kamba hayupo, hata kama ni ndugu yako. Unaanza kuhesabu kichwani kwenda mkiani. Unagusa bega, unataja namba kwa sauti, hurudi nyuma. Na juu ya filimbi alisema:

"Kabla ya filimbi mutu anaweza kubadilisha roho yake mara mia. Anaweza kuhama, anaweza kurudi, hiyo iko haki yake. Filimbi ikilia, basi. Hata mukubwa anabaki palepale. Wewe ndiye unalinda hiyo kitu kidogo. Hakuna kingine mkononi yako."

Nilimwona akimpulizia filimbi mkubwa mmoja wa jeshi aliyetaka kuingia mstari wa sukari katikati. Yule mkubwa alisimama! Alikasirika, alitoa macho, lakini alisimama. Siku hiyo niliipenda kazi hii kama mtu anavyopenda mke.

Kisha vita vikafika. Mnajua wenyewe, au wazazi wenu wanajua. Watu walibeba magodoro na kuku, wakakimbilia Kongo. Nilimkuta Mzee Drani amekaa ofisini peke yake, anashona kifungo cha sare yake. Akanivisha ile filimbi shingoni. "Mimi na mguu huu siendi Kongo," akasema. "Peleka wewe." Sikumwona tena.

Kongo tulikaa miaka. Kambini kila sehemu ilitakiwa kuwa na kiongozi wake, wa kupokea unga na dawa kwa niaba ya watu. Mtu mmoja anaitwa Bilali alipita nyumba kwa nyumba akigawa mafuta ya kupikia, nusu kikombe kila nyumba. Halafu tukaitwa tuchague kwa kusimama mstari, kila mgombea na kamba yake. Mimi ndiye nililaza kamba. Mimi ndiye nilipuliza filimbi. Na kabla ya kupuliza niliweka mguu wangu mwenyewe kwenye kamba ya Bilali, kwa sababu mke wangu Poni alikuwa ameshapikia yale mafuta na yalinukia vizuri. Bilali akashinda. Msimu uliofuata surua ikaingia kambini. Dawa zililetwa, Bilali akazipokea, akaziuza sokoni upande wa pili. Mtoto wetu wa kwanza, Jokudu, alikuwa na miaka miwili. Alikufa Ijumaa asubuhi.

Nusu kikombe cha mafuta. Sitaandika zaidi hapo. Nimeandika ili mjue kwa nini mambo ya mbele yalinipandisha damu.

Tuliporudi, kijiji chetu huku Abuku kilikuwa majani marefu kuliko mtu. Ulikuwa unatafuta nyumba yako kwa kukanyaga mawe ya jiko. Nikarudishwa kazini, sasa gombolola ya huku Koboko, chini ya Chifu Yosia. Yosia alikuwa mtu wa kutoka upande wa Arua, mnene, mpole wa maneno, na ana sikio moja kubwa kuliko lingine. Kumbukeni sikio hilo.

Watu walipopata nguvu kidogo walianza kujenga zahanati. Hakuna aliyewalipa. Walifyatua matofali wenyewe, wanawake walichota maji ya udongo, kuta zikasimama. Poni wangu alibeba matofali na mimba. Nikamwambia pumzika, akaniambia, "Wewe Taban, ulishasahau Ijumaa?" Basi kuta zilisimama, paa hakuna. Shirika la misaada likaleta mabati, yana mstari mwekundu pembeni, yakawekwa stoo ya Sebi Lomoro, kwa sababu stoo yake ndiyo pekee yenye mlango wa chuma.

Sebi Lomoro ndiye mtu wa pili ninayemtaja. Mfanyabiashara, ana malori mawili, anakaa Koboko mjini na Arua, kijijini anakuja kwenye mazishi tu, na kwenye mazishi anakaa ndani ya gari. Mabati hayajamaliza mwezi, tukaona nyumba yake ya wageni pale mjini imepata paa jipya mbele. Lina mstari mwekundu pembeni! Watu waliinua macho, wakashusha. Nani aseme?

Wakati huo ndio serikali mpya ilileta uchaguzi wa mabaraza. Kijiji kinachagua mwenyekiti wake hadharani kwa mstari. Wa vijiji wanachagua wa muluka, wa muluka wanachagua wa gombolola, hivyo hivyo mpaka juu. Mtu anayetaka kufika juu lazima ashinde kwanza kijijini kwake. Hata awe na malori kumi, lazima aanzie kwetu, kwenye kamba yangu. Na ambaye angekuwa mwenyekiti wa kijiji ndiye angetia sahihi kwamba mabati yote yamefika zahanati salama. Mmeelewa? Sebi alitaka ngazi, na alitaka hiyo sahihi. Akishinda yeye, zahanati inabaki kuta, na tena atakuwa ametia sahihi mwenyewe kwamba ina paa.

Aliyeshindana naye alikuwa Mwalimu Lado, anafundisha shule ya msingi, kaptula yake moja. Kampeni yake ilichukua dakika tatu. "Mimi sina chumvi," akasema. "Iko na mikono miwili ya kupandisha mabati. Kama mnataka chumvi, mwenye chumvi anakuja." Watu wakampigia makofi, halafu wakaenda kumngoja mwenye chumvi.

Mwenye chumvi alituma mtu wake, Kassim. Huyu ni wa tatu. Kassim alizaliwa kwenye kambi za jeshi Jinja, alikulia huko, Kikakwa, lugha yetu, anakisema kama mtu anayetafuna nyanya moto. Miwani nyeusi, pikapu nyeupe, spika mbili juu. Jamani, siku ile ilikuwa kama Idi na Krismasi zimegongana! Chumvi kilo moja kila nyumba, sabuni mche nusu, wazee tumbaku. Akinamama wakaimba, na mimi nilicheza, kwa nini nidanganye? Kisha Kassim akaniita pembeni, akanipa tairi mbili za baiskeli, mpya, bado zina harufu. Nikazichukua. Baiskeli ilikuwa ya ofisi, lakini tairi zilikuwa zangu. Nilikula na mimi, sitajificha nyuma yenu.

Kila akimpa mtu chumvi Kassim alisema neno moja tu, kwa upole kabisa: "Jumamosi tutaonana kwenye mstari, eh?" Hilo ndilo jambo lenyewe. Kwa mstari hakuna siri. Umekula chumvi ya mtu, mtu wake amesimama pale na miwani anaangalia mguu wako unagusa kamba ya nani. Nani ataenda kwa Lado mchana kweupe?

Siku mbili kabla ya uchaguzi Chifu Yosia aliniita ofisini, akafunga dirisha.

"Taban, Jumamosi usipulize filimbi ovyo. Watu wengine wanachelewa kufikiri. Ungoje. Mimi nitakuwa mezani. Ukiona nimekuna sikio, hapo puliza."

"Sheria inasema, bwana chifu, wote wakishasimama."

"Sheria iko kwa sikio hii," akasema, akalishika lile kubwa. "Na kuna matarishi wengi wanatafuta kazi. Umesikia?"

Nimesikia. Nina mke ana mimba, nina nyumba ya majani, kazi nyingine sijui. Nilitoka nje nikaipuliza filimbi kidogo, polepole, kuona kama punje bado inazunguka.

Sasa lazima niwaeleze mila, kwa sababu kati yenu wamo waliokulia mjini. Kwetu mwanaume hakaribii mama wa mke wake. Ukimwona anakuja njiani, unaacha njia, unaingia majanini mpaka apite. Humpi mkono, huli akiona, humwiti jina. Ukiwa na neno naye, mke wako anapeleka. Na si wewe peke yako: ndugu zako wa kiume wote, na wa ukoo, yule ni mama mkwe wao pia. Kongo tuliacha ng'ombe, tuliacha makaburi, lakini jambo hili tulirudi nalo zima. Labda kwa sababu halikuwa na uzito wa kubeba.

Na kijijini kwetu kulikuwa na Mama Kiden. Mama wa Poni wangu. Alizaa mabinti watano. Dada zake wawili walikufa kambini, akalea mabinti zao pia, akawaoza yeye, posa ikaletwa mbele ya mlango wake. Kwa hiyo ukihesabu waume wa wale mabinti, na ndugu zao, na watoto wa baba zao wadogo, Mama Kiden alikuwa mama mkwe wa karibu kila mwanaume mwenye ndevu pale kijijini. Akienda kisimani njia yote inakuwa tupu! Unasikia tu majani: shaa, shaa, wanaume wanaingia.

Kassim aliona hayo. Alikaa kwenye pikapu yake na miwani, akaona mama mzee, mwembamba, anapita, na wanaume wenye nguvu wanaruka pembeni kama kuku. Mtoto wa Jinja yule akafikiri: huyu ndiye mkubwa wa hapa! Kama wanaume wanamwogopa hivi, nikimweka mbele ya mstari wa Bwana Sebi, watamfuata wote. Akaenda kwake na gomesi mpya, lile gauni refu la akina mama, ya kitambaa kinachong'aa, rangi ya ndizi mbivu. Poni alikuwepo, ndiye alinisimulia. Kassim akasema, "Mama, tunataka uwe kichwa cha mstari wetu." Mama Kiden akaigeuza ile gomesi, akaangalia mshono, akauliza kama kuna mkanda wake. Kassim akasema upo. Mama Kiden akasema, "Haya, mwanangu, nitasimama."

Kichwa cha mstari ni hivi. Wagombea wenyewe wanakaa kwenye benchi, mgongo kwa watu, ili wasione nani kawakataa. Mtu mmoja anasimama badala ya kila mgombea, na wanaomtaka wanajipanga nyuma ya huyo. Karibu karibu, kifua kwa mgongo, ndivyo kamba inavyotaka. Fundo moja, mtu mmoja.

Jumamosi tulikutana uwanja wa mpira wa shule. Nililaza kamba mbili, nikazivuta mpaka zikalia. Nikapiga ngoma. Watu walijaa, wamevaa vizuri, wengine sabuni ya Sebi bado inawanukia. Sebi akafika, suti ya kahawia, akakaa benchi mgongo kwetu, karibu na Mwalimu Lado. Chifu Yosia mezani. Kassim katikati na kipaza sauti.

"Kichwa cha mstari wa Mwalimu Lado!" Akatoka fundi baiskeli mmoja, anaona haya.

"Na kichwa cha mstari wa mheshimiwa wetu, baba wa chumvi, Bwana Sebi Lomorooo!"

Akatoka Mama Kiden. Gomesi ya ndizi mbivu inang'aa mpaka unafumba macho. Akatembea polepole, akaweka miguu kwenye fundo la kwanza, akasimama wima, mikono mbele. Na mimi, fimbo mkononi, filimbi shingoni, nikajikuta nimeshajificha nyuma ya mlingoti wa goli! Mwili ulienda wenyewe. Nikachungulia. Wanaume wote uwanjani walikuwa wamerudi hatua tatu nyuma.

"Haya! Pangeni mstari!" Kassim akapiga kelele.

Wanawake wakaanza kwenda nyuma ya Mama Kiden, mabinti zake kwanza. Wanaume, hakuna. Wanaangaliana. Halafu nikaona kitu ambacho sitasahau hata nikizeeka nikasahau jina langu: nikaona nyuso zao zinafunguka. Mmoja, halafu mwingine. Walielewa! Wamekula chumvi, ndiyo, wameahidi, ndiyo, miwani nyeusi inawaangalia, ndiyo. Lakini nani duniani anaweza kuwalaumu? Wakaanza kutembea, polepole, halafu haraka, halafu mbio, kwenye kamba ya Mwalimu Lado! Wanagombania mafundo!

"Nyinyi wanaume!" Kassim akalia kwenye kipaza sauti. "Mnapotea! Mstari yenu iko huku! Chumvi mlikula ya nani?"

Wani, mwashi wetu, mtu wa mdomo, akajibu kutoka mstarini: "Ya Bwana Sebi, ilikuwa tamu, asante! Lakini, Kassim, yule iko mama mkwe yangu. Unataka nisimame kifua kwa mgongo yake? Nimpumulie shingoni? Wewe ulizaliwa na lori?"

Uwanja ulipasuka kwa kicheko. Hata wanawake wa mstari wa Sebi walicheka, na wengine, walipoona waume zao wako kule, wakainua gomesi zao wakahama nao.

Sebi kwenye benchi haoni kitu. Mgongo kwa watu, sheria. "Wanacheka nini?" akauliza mbele, kwa hewa. "Kassim! Mstari iko mrefu?"

"Iko... iko inakuja, mheshimiwa!"

Chifu Yosia hakukuna sikio. Mikono yake miwili ilikuwa juu ya meza, imefungamana. Kassim akatupa miwani chini. Ndipo akaelewa, au mtu alimnong'oneza. Akakimbia kwa Mama Kiden. "Mama, toka! Toka hapo! Mimi nitasimama mwenyewe! Bwana chifu, tunabadilisha kichwa!"

Chifu akaanza kuinuka. "Ndiyo," akasema, "kuna kosa dogo, tunaweza kubadili..."

Na Kassim alikuwa na haki! Kabla ya filimbi, mtu anaweza kubadilisha roho yake mara mia. Kassim akisimama yeye pale, miwani ama bila miwani, wanaume wangekosa sababu. Mmoja mmoja wangerudi, vichwa chini. Nilijua hivyo kwa sababu mimi nilienda hivyo hivyo Kongo, mguu kwenye kamba ya Bilali. Niliangalia mistari. Kila mtu alikuwa amegusa kamba. Wote wameshasimama. Niliangalia sikio la chifu, liko palepale, kubwa, halijakunwa. Niliziona zile tairi mbili. Nilimwona Jokudu.

Nikapuliza.

Nilipuliza mpaka macho yakatoka machozi. Filimbi ya Mzee Drani ikalia, ikasikika mpaka kule Midia, nadhani. Kila mtu akaganda. Kassim akaganda, mkono umeshanyooshwa kwa Mama Kiden na haujamgusa. Chifu akaganda nusu amekaa nusu amesimama, kama mtu yuko chooni.

"Taban!" akasema.

"Bwana chifu, filimbi imelia."

Chifu akakaa. Watu wote wanamwangalia, mamia ya macho. "Hesabu," akasema. "Anzia mstari wa Bwana Sebi. Anzia kichwani, kama kawaida."

"Kichwani siwezi, bwana chifu."

"Kwa nini huwezi?"

"Nitamgusa bega. Yule iko mama mkwe yangu na mimi."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile, kabla wala baada. Watu walilala chini huku wameshikilia kamba kwa vidole vya miguu wasihesabiwe nje! Nikaanzia mkiani, kosa ambalo Mzee Drani angenipigia fimbo, na nilipofika karibu na kichwa nikatupa macho pembeni, nikanyoosha fimbo hewani, nikasema, "Na mmoja." Hesabu haikuchukua muda. Mstari wa Lado ulikuwa umetoka nje ya uwanja, umeingia shamba la mihogo.

Jumatatu Mwalimu Lado na kijiji kizima walienda stoo ya Sebi. Mabati yaliyobaki walibeba vichwani, msururu mrefu barabarani, jua linayapiga, ukiwa mbali ungefikiri mto unapanda kilima. Yale ya nyumba ya wageni Sebi aliyashusha mwenyewe, kwa sababu mwenyekiti alikataa kutia sahihi mpaka yafike. Sebi alisema yalikuwa yamewekwa pale "yapate hewa". Zahanati ikapata paa. Mtoto aliyekuwa tumboni mwa Poni alichanjwa chini yake.

Sasa msifikiri ni hadithi ya kumaliza kwa vigelegele. Mimi ni mtu mchungu na ninaandika uchungu pia. Sebi Lomoro alihamishia nyumba yake kijiji kingine, karibu na mjini, akaanza upya. Huko hakuweka mama mkwe wa mtu. Akashinda, akapanda ngazi. Na kule juu haihitaji chumvi ya kijiji kizima: wachaguzi ni wachache, wanaingia kwenye nyumba moja ya wageni. Aliwalaza wote Arua siku tatu, nyama na bia, mlango umefungwa, wakatoka wamemchagua. Mimi nililaza kamba siku hiyo pia. Walijipanga vizuri, wamenyooka, wamependeza. Kila mguu kwenye fundo lake. Nikapuliza, nikahesabu, hakuna kosa hata moja la sheria. Kassim alikuwa mlangoni, miwani mpya, akanipa salamu ya kijeshi.

Baadaye kamba ziliachwa, yakaja masanduku na karatasi za siri. Nilifurahi! Nikasema sasa hakuna atakayeangalia mguu wa mtu. Mwaka uleule nikawaona watu wa Sebi wananunua kadi za kupigia kura, vikapu vizima, kwa mchele. Na ilipofika serikali inapunguza wafanyakazi, orodha ya gombolola yetu ilipitia baraza la Sebi, ikatoka kwa Chifu Yosia, na jina la kwanza lilikuwa langu. Sikio lilikuwa halijasahau. Nina miaka arobaini na sita, nimestaafu.

Basi, wewe mpya, sikiliza. Kamba iko stoo, nyuma ya mapipa, mafundo mawili yamelegea, yafunge. Ngoma usiiache kwenye unyevu. Fimbo nimekuachia. Wakikuambia kazi hizo zimepitwa na wakati, waulize wao kabla ya kura wanakuna nini. Tairi usichukue. Nilizichukua, na mpaka leo baiskeli ya ofisi ikipita nazisikia zinaongea.

Filimbi sikurudisha. Haikuwa ya serikali.

Siku nilipopokea barua ya kuachishwa nilikaa nyuma ya nyumba, sikutaka kula. Poni alikuwa ametoka kwa mama yake. Miaka yote hii nilikuwa nafikiri yule mama alichukua gomesi kwa sababu ni gomesi, mtu mzee, hajui siasa, na bahati ilitusaidia. Mila hairuhusu nimwulize. Poni akakaa karibu yangu, akakunja miguu.

"Mama amesikia umefukuzwa," akasema. "Ametuma neno."

"Neno gani?"

"Anasema, mwambie yule wako: siku ile alichelewa na filimbi. Yeye alishasimama pale muda mrefu anamngoja, na miguu ilikuwa inamwuma."